Fangasi wa Jirani

Katika duka lile la dawa hakuna mwanamke aliyewahi kuumwa chini ya kitovu. Kichwa, ndiyo, kila mtu alikuwa na kichwa chake, na kikohozi na kiungulia watu walikuja navyo mbele ya foleni nzima bila haya. Lakini muwasho, uchafu, maumivu ya kukojoa, hayo yote yalikuwa ya jirani. Mwanamke angeingia, akanunua dawa ya kichwa asiyoihitaji, akazungukazunguka karibu na mizani ya kupimia uzito mpaka wateja wapungue, kisha akainamia kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Dokta, kuna jirani yangu mmoja."

Mfamasia, ambaye mtaa mzima ulimwita Dokta ingawa alishachoka kueleza kwamba yeye si daktari, aliijua lugha hiyo kama anavyozijua rafu zake. Jirani yako anawashwa tangu lini? Jirani yako ana mimba? Mwambie jirani yako amalize dozi, asiache dawa katikati kwa sababu ameona nafuu. Mteja aliitikia kwa kichwa kwa makini mno kwa mtu aliyetumwa tu. Akishatoka, Dokta alicheka peke yake nyuma ya kaunta. Watu wazima, wana watoto na wajukuu, halafu wanaona aibu kwa fangasi, kana kwamba fangasi huchagua wanawake waliokosa adabu.

Basi na acheke. Yeye mwenyewe alikuwa na mwaka mzima anawashwa.

Muwasho ulipomwanza hakwenda kwa daktari. Daktari wa hospitali ya mtaa wa pili alisoma naye, na hadi leo walipigiana simu kuulizana juu ya vyeti vya dawa vilivyoandikwa kwa mwandiko wa kuku, na mtu huwezi kupanda kitanda cha uchunguzi mbele ya mtu uliyewahi kumwazima kalamu. Akajitibu. Dawa si zilikuwa mkononi? Akachukua vidonge vya kumeza, akaona nafuu, akaacha. Muwasho ukarudi. Akachukua krimu, akaona nafuu, shughuli zikambana, akaacha. Ukarudi na ndugu zake. Akapanda rafu moja baada ya nyingine mpaka akafika ya juu kabisa, kwenye dawa ambazo asingempa mtu bila cheti, na fangasi wakazizoea zote kama mtoto anavyozoea kelele za mama yake. Mwanamke aliyehubiri kumaliza dozi kuanzia anafungua duka mpaka anafunga alikuwa amefuga, ndani ya nguo zake mwenyewe, fangasi sugu wa kuonyeshwa wanafunzi.

Hapo ndipo alipoingia wifi yake, naye hakuwa mtu wa kuingia kimyakimya. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, karani wa mahakama aliyestaafu, na miaka yote aliyoandika maneno ya mashahidi ilimwachia mapenzi makubwa na neno "kuthibitisha". Alikuwa amehudhuria semina ya siku moja katika ukumbi wa hoteli, akatoka na cheti chenye muhuri wa dhahabu, sanduku la vichupa vya kahawia, na cheo cha Mshauri Mwandamizi wa Mafuta Tiba. Mafuta ya karafuu kwa meno na fangasi. Mafuta ya mchaichai kwa mbu, presha, na waume wasiorudi mapema nyumbani.

"Tazama hii, wifi," alisema, akiweka simu juu ya kaunta. Ilikuwa picha ya sahani ndogo ya maabara. Upande mmoja fangasi wametanda utando mzito. Upande wa pili, palipodondoshewa mafuta ya karafuu, hapana hata mmoja. "Hao ni sugu. Dawa zenu zote wamezicheka. Karafuu imewafagia. Imethibitishwa."

Ukweli ni kwamba picha haikuwa ya uongo. Dokta alishasoma tafiti za namna hiyo, na kweli mafuta kama hayo, yakiwa kwenye sahani, huwaua hata fangasi waliogoma kufa kwa dawa. Lakini kwenye sahani hata dawa ya kusafishia choo inaua. Sahani haina ngozi wala haina mishipa ya fahamu, na haijawahi kupiga kelele. Kutoka kwenye sahani hadi kwa mwanamke kuna safari ndefu ya majaribio, na karafuu ilikuwa haijaimaliza. Hayo yote Dokta angeweza kumweleza mtu akiwa usingizini.

Lakini mtu anayewashwa mwaka mzima hana shahada.

"Wifi," akasema, akijitia kupanga maboksi ya bandeji, "kuna mteja wangu mmoja."

"Ana muda gani?"

"Mwaka."

"Maskini. Ana mume?"

"Anaye."

"Maskini zaidi." Wifi alishafungua sanduku. "Mpe hiki. Adondoshee kwenye pamba, aiweke hukohuko ndani, atulie nayo. Asichanganye na kitu, yakichanganywa yanapoteza nguvu."

Jumamosi mchana, mume akiwa sebuleni anatengeneza jokofu la mtu, Dokta alijifungia bafuni. Mwanzo alihisi ubaridi mtamu, akasema kumbe. Kabla hajaimaliza hiyo kumbe, moto ukawaka. Aliitoa ile pamba kwa kasi ambayo hakujua anayo, na alipopata fahamu zake vizuri alijikuta amekalia beseni la kufulia, maji yanamwagika pande zote, taulo kaliuma kwa meno.

Mumewe akabisha mlango. "Kuna nini humo?"

"Nafua."

"Sasa unafua huku unalia?"

"Sabuni imeniingia."

"Machoni?"

"Nenda kwenye jokofu lako, baba."

Siku kadhaa alihudumia wateja akiwa amesimama, si kwa heshima, bali kwa sababu kiti kilikuwa adui. Malengelenge yalipopona, muwasho ulikuwa palepale, umepumzika vizuri, unamngojea.

Jumapili iliyofuata walikula chakula cha mchana kwa mama mkwe, kama Jumapili zote. Mama mkwe alikuwa mjane mpole, mtu wa kusema kidogo, ambaye katika miaka yote ya ndoa ile hajawahi kutamka neno "chupi" mbele ya mke wa mwanawe. Nguo za ndani alizianika chini ya shuka ili jua lizione lakini watu wasizione. Wifi akiwa anapakua mchuzi, akauliza bila hata kuinua kichwa, "Habari za yule mteja wako?"

"Nzuri," akasema Dokta.

Sasa angesema nini? Habari ikiulizwa inajibiwa nzuri. Mtu nyumba yake inaungua, habari nzuri. Kafiwa jana, habari nzuri, na ndipo inapokuja "ila". Dokta naye alikuwa na "ila" yake imekaa mdomoni tayari kutoka, akamtazama mama mkwe anayemenya chungwa kwa vidole vyembamba, na "ila" ile akaimeza pamoja na mchuzi.

"Nzuri kabisa?" akakaza wifi, karani wa mahakama.

"Nzuri."

"Umesikia, mama? Mfamasia amethibitisha."

Kabla vyombo havijaoshwa, tangazo lilishafika kwenye kundi la simu la Afya Bila Kemikali, ambamo mtaa mzima wa wanawake ulikuwamo. Mfamasia mwenye uzoefu athibitisha, lilisema. Mteja aliyeshindikana kwa dawa zote, sasa habari zake ni nzuri kabisa. Chini yake picha ya Dokta amevaa koti jeupe, anatabasamu, picha aliyopigwa siku ya kufungua duka.

Wiki ile wifi alileta boksi zima la vichupa, akalipanga mwenyewe kwenye kabati la kioo. Dokta hakukataa. Wifi ni wifi, ukimkatalia leo utamkuta kwenye kila shughuli mpaka unazikwa. Alichofanya, wifi alipotoka, ni kuvihamishia nyuma ya nepi za watoto na kuwaambia wateja vimekwisha. Haikusaidia. Wasiovipata dukani walivipata kwa wifi nyumbani, na kwa imani kubwa zaidi, maana kumbe kwa mfamasia vinagombewa.

Kisha majirani wakaanza kuungua.

"Dokta, jirani yangu ameungua," alisema mwalimu mmoja wa chekechea, akiwa ameingia dukani kwa mwendo wa mtu aliyepanda punda njia nzima. Akaja mwingine, na mwingine. Dokta aliwaeleza yote: jirani ajioshe kwa maji mengi, asiweke tena tone, akiona malengelenge aende hospitali. Yote isipokuwa moja, kwamba ule uthibitisho ulikuwa wake, na kwamba nyuma yake hapakuwa na mteja. Kulisema hilo kungemlazimu kusema na lile la beseni. Wanawake wale walimshukuru kwa wema wake, na kila shukrani ilimfanya ajichukie.

Akampigia wifi. "Wifi, hebu punguza kasi kidogo na yale mafuta."

"Kwani mteja wako amerudiwa?"

Dokta alishika simu kwa mikono miwili. "Hapana, ila—"

"Basi swali limejibiwa," akasema wifi, akakata.

Asubuhi moja mumewe alikuja dukani badala ya kwenda kazini. "Mama haamki. Anasema mgongo. Mimi kanifukuza, dada kamfukuza. Nenda wewe."

Dokta alifunga duka.

Chumba cha mama mkwe kilikuwa safi kama siku zote. Juu ya kistuli palikuwa na jagi la maji, tupu, na ndoo imewekwa karibu na kitanda badala ya mahali pake bafuni. Mama alikuwa amelala ubavu, magoti kayakunja, shuka mpaka kidevuni. Na harufu ya karafuu ilikuwa nzito humo ndani mpaka macho yalitoa machozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri."

Dokta akaketi ukingoni mwa kitanda. Alifikiri kwa muda namna ya kuuliza, na namna iliyokuwepo ilikuwa moja tu. "Mama, kuna jirani yako yeyote anayeumwa?"

Mama mkwe akautazama ukuta. "Yupo."

"Anawashwa?"

"Tangu mvua za mwanzo. Sasa hata hawashwi tena, anaungua. Akienda haja ndogo analia kama mtoto. Mtu mzima yule, ana wajukuu."

"Na haja ndogo anakwenda sana?"

"Hatoki huko."

"Maji je, anakunywa?"

"Jagi likiisha linajazwa, likijazwa linaisha."

"Amekonda?"

"Nguo zinampwaya," akasema mama, na chini ya shuka mkono wake ukashika gauni lake pale kiunoni.

Sukari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeijua. Mzee anakunywa jagi kwa jagi, anakonda, fangasi hawamwachi. Sukari ilikuwa inabisha hodi kwa ngumi mbili. Na yeye alikaa naye meza moja kila Jumapili, akayaona mashavu yanaingia ndani, akadhani ni uzee. Kwa wateja aliuliza habari za majirani zao wote, lakini huyu hakuwahi kumuuliza lolote, kwa sababu mkwe haulizwi.

"Mama, huyo jirani apelekwe hospitali akapimwe sukari. Leo hii, siyo kesho."

"Haendi. Ataulizwa mgonjwa nani, afunuliwe na vijana walio sawa na wajukuu zake. Anasema ataendelea na mafuta tu, labda hajayatumia ya kutosha. Si yalimponya mteja wa mke wa mwanawe?" Mama alizungumza kwa upole, bila kumsuta mtu. "Na mke wa mwanawe si mtu wa kusema uongo."

Hilo lilimchoma Dokta kuliko kile kichupa. Angeweza kumwita mumewe wakambeba mama kwa nguvu. Angeweza kuhubiri juu ya sukari mpaka jioni. Lakini aliona wazi kwamba mwanamke huyu asingeondoka kitandani maadamu kulikuwa na mteja mahali fulani anayetembea amepona. Yule mteja alipaswa kufa, na wa kumuua alikuwa yeye.

"Mama, yule mteja hayupo."

Mama akashtuka. "Amefariki?"

"Hakuwahi kuwapo. Ni mimi." Uso ulimwaka, masikio yakamwaka, akaendelea kabla ujasiri haujamtoka. "Mimi ndiye ninayewashwa, mama. Mwaka mzima sasa. Mafuta yale niliyaweka mimi, nikaungua, nikakaa kwenye beseni nalia huku mwanao anabisha mlango. Sikupona. Nilisema nzuri kwa sababu niliona haya mbele yako."

Mama mkwe alijigeuza taratibu, akiuma midomo kwa maumivu, mpaka wakatazamana.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na duka lote lile la dawa?"

"Zimegoma."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Dokta alidhani analia, akamshika mkono, kumbe anacheka, kicheko cha watu wanaoumia, amelishika tumbo. "Usinichekeshe mwanangu, inaungua," alisema. Kisha akalisukuma shuka. "Nipe viatu."

Hospitalini, karani wa dirishani, kijana mwenye tai, aliuliza bila kuwatazama, "Mgonjwa nani?" Mabenchi yalikuwa yamejaa.

"Wote wawili," akasema mama mkwe. "Andika fangasi."

Kijana akainua kichwa, akakishusha haraka. "Mama, unaweza kusema kwa sauti ya chini."

"Nimeisema ya chini mpaka imenilaza. Andika."

Kipimo cha sukari kilisoma juu kiasi kwamba muuguzi alirudia kwa kidole kingine, akidhani mashine imeharibika. Mama akalazwa palepale, dripu mkononi. Daktari, yule yule aliyesoma na Dokta, alimwita pembeni akamwambia kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza habari nyingine, na za kaburini. Dokta aliegemea ukuta wa korido, akalia bila kujificha. Halafu akasema yaliyobaki, akapanda kile kitanda cha uchunguzi alichokikwepa mwaka mzima. Daktari alichukua sampuli kwa kijiti cha pamba ili ikaoteshwe maabara, kitu ambacho kingefanywa tangu mwanzo.

"Dawa zote hizi ulizozitaja, nani alikupangia?"

"Mimi."

"Ulimaliza ipi?"

Dokta akalitazama dari.

Majibu yalipotoka, kweli walikuwa fangasi waliozizoea dawa zake takriban zote. Ilikuwepo njia nyingine, ndefu kidogo, vidonge vya kuweka ukeni ambavyo hakuwa navyo dukani, na daktari hakumpa vyote kwa mkupuo. Alimgawia vichache vichache, aje kuvifuata na kuulizwa, kama anavyofanyiwa mgonjwa asiyeaminika.

Siku ileile mama alipolazwa, wifi alikuja wodini na chupa ya uji, na mfukoni kichupa cha kahawia cha kumsugulia mama miguu. Mama akamsimulia yote, pale pale, na wodi nzima ikazima mazungumzo yake ili isikie vizuri. Wifi aligeuka rangi. Alijaribu kusimama kwenye ushahidi wake. "Lakini mama, ile sahani—"

"Ilete hiyo sahani. Tuikalishe kwenye mafuta hapa, tuone kama itanyamaza."

Wifi akaketi kwenye kiti cha wageni, akaanza kulia kwa kwikwi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kila kichupa alichouza, na kumchoma mama yake mzazi hakukuwa kwenye semina. Akasema atanyamaza kabisa, ataviacha vichupa, biashara itakufa yenyewe na watu watasahau.

"Watasahau wakati wanaungua?" akauliza mama. "Kuna wengine saa hizi wamelala ubavu kama nilivyolala mimi. Lete simu. Fungua huko mnakosema."

Wifi akafungua lile kundi, akamsogezea simu mdomoni. Mama akakohoa, akaanza kwa sauti ya mtu anayejua kuwa anasikilizwa na watu wengi.

"Habari zenu. Mimi ni mama mzazi wa huyu anayewauzia mafuta. Nilikuwa na fangasi huko chini, nikaweka yale mafuta, nimeungua, na kumbe muda wote huo sukari inanimaliza. Nipo hospitali, nimelazwa. Na yule mteja mliyeambiwa amepona, ni mfamasia mwenyewe, mke wa mwanangu. Hakupona. Aliungua kama mimi, na fangasi bado anao. Yuko hapa pembeni yangu. Aliyeweka, aache. Anayewashwa, aje apimwe. Ni hayo."

Wifi alikuwa bado hajatuma. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe, akamtazama Dokta kwa macho mekundu. Mtaa mzima ulikuwa kwenye lile kundi: wateja wote, mwalimu wa chekechea, mke wa mwenye nyumba, wanawake waliomwita Dokta na kumwinamia kaunta. Kesho wangeingia dukani wakijua mpaka habari za nguo zake za ndani.

"Wifi, tunaweza kukikata hicho kipande chako," akasema wifi kwa sauti ndogo. "Atabaki mama peke yake."

Dokta akamtazama mama mkwe. Kisha akanyoosha mkono juu ya shuka la hospitali, akabonyeza mwenyewe.